Nilivyoondoa kiambaza cha shangazi hotelini Tunduma, mgeni akaondoka na njaa

Wakuu, heshima kwenu wote. Shikamoo sitoi, maana kwa umri wangu sijui humu nitampa nani. Niko mlangoni mwa tisini.

Simu ni ya mjukuu wangu, akaunti kanifungulia yeye, na ninaandika kwa kidole kimoja. Herufi zikiruka mnisamehe, msianze kunisahihisha kama walimu.

Jana nimesoma uzi wenu mrefu wa kulalamikia customer service za migahawa na kumbi za huku kwetu Tunduma, Vwawa na Mlowo. Nimecheka, nimesikitika. Mmoja kaletewa supu, kidole gumba cha weita kimezama ndani mpaka kwenye kiungo. Mwingine kachangia harusi, kafika ukumbini, meza ya mwisho wameambulia soda ya moto na maneno ya MC.

Kisha mmoja wenu akamalizia hivi: "Zamani watu walijua kumheshimu mteja."

Hapo ndipo nikamwambia mjukuu nipe hiyo simu.

Mimi nilikuwepo hiyo zamani. Nilikuwa weita. Na huduma mbovu kuliko zote nilizoziona maishani mwangu niliitoa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, huku najiona fundi.

Najua wapo watakaosema hii chai. Jamani, chai nimeipika miaka mingi, naijua rangi yake. Hii ninayowaletea ni kitu kilichonikaa rohoni, na sijawahi kukisema hata kanisani.

Twendeni taratibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Tunduma mnayoijua, ya foleni za malori na wabadilisha pesa, haikuwepo. Kulikuwa na kituo cha forodha, duka moja la Mhindi, nyumba chache za matofali mabichi na barabara ya vumbi. Upande huu unakwenda Mbeya, upande ule unaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Watu walipita hapo kwenda migodini. Wengine kwa lori, wengi kwa miguu. Wanaume walikuwa wengi, lakini wanawake nao walipita, wakiwafuata waume zao waliopata nyumba huko.

Shangazi yangu alikuwa na hoteli kando ya barabara hiyo. Nikisema hoteli msifikirie vitanda. Ni nyumba ya kula. Ugali wa ulezi, maharage, samaki wakavu wa Rukwa, kuku akipatikana, chai ya maziwa. Watu walimwita Nakazwe. Mjane, mfupi, mweusi tii, hacheki ovyo.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja kikubwa. Katikati alikuwa amesimamisha kiambaza cha matete, amekisuka mwenyewe, kirefu kuliko mtu mrefu. Kiligawa chumba pande mbili, na kila upande una mlango wake. Wa mbele unatazama barabara, wa pembeni unatazama mgombani.

Yeye mwenyewe hakukaa jikoni. Alikaa nje kwenye kigoda, anachambua maharage, na kila mgeni anayefika lazima apite kwake.

"Karibuni. Mmetoka wapi?"

Wanajibu.

"Mko wangapi?"

Wanajibu.

"Na nyuma yenu anakuja nani?"

Hilo swali la tatu ndilo lililokuwa linanikera. Mtu ana njaa, miguu imevimba, wewe unamuuliza nani anakuja nyuma yake? Nilikuwa naona ni umbea mtupu. Yeye akishapata jibu anaonyesha kwa kidole: wewe mlango huu, nyie mlango ule.

Sasa niwaeleze kwa nini mimi nilikuwa mjuaji.

Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka miwili kwenye hoteli ya Wazungu upande wa Mbeya. Kanzu nyeupe, mkanda mwekundu, kitambaa kwenye mkono wa kushoto. Nilifundishwa kuweka sahani kushoto kwa mgeni na kuondoa kulia. Nilifundishwa kutembea bila kutoa sauti. Na jambo kubwa kuliko yote, mgeni haulizwi maswali. Mgeni anafika, anavutiwa kiti mahali penye mwanga, anapewa chakula, basi.

Nilirudi nyumbani na hiyo elimu kichwani kama mtu aliyerudi na digrii. Shangazi hakuwa na mtoto. Alinipokea, akasema hoteli hii itakuwa yangu siku moja, jifunze.

Nikamwambia nimeshajifunza.

Akaendelea na maharage yake.

Basi ikatokea harusi. Karani mmoja wa forodha alikuwa anaoa, na alitaka sherehe ya kisasa: karamu ya chai, mikate, gramafoni, watu wakae pamoja kwenye meza ndefu. Ukumbi haukuwepo Tunduma nzima. Akaja kwa shangazi, wakakubaliana Jumamosi.

Wiki ileile shangazi akapata habari ya msiba kwao mama yake, Msangano. Ikabidi aende. Kabla hajaondoka akaniita, akaniambia maneno machache. Nayakumbuka yote.

"Kiambaza unaweza kukitoa kwa ajili ya harusi. Jumatatu kabla ya lori, kiwe kimerudi. Na mlangoni ukae wewe, uulize kama ninavyouliza."

Nikasema ndiyo shangazi.

Wakuu, ile harusi ilifana. Nisiwafiche, nilikuwa nyota. Nilipanga meza moja ndefu, nikatandika vitambaa vyeupe, nikamwaga chai kutoka juu bila kudondosha tone. Watu waliocheza muziki walicheza, waliokula walikula. Bwana harusi akanishika bega mbele ya wageni akasema, "Huyu kijana ametuletea Mbeya hapa Tunduma."

Sifa ni kitu kibaya kwa kijana. Zilinipanda kichwani.

Jumapili nikaukalia ule ukumbi, nikautazama. Ulikuwa mpana, una mwanga, madirisha yote yanaonekana. Nikajiuliza, kwa nini niyapachike tena yale matete ya kizamani? Shangazi akirudi akiona palivyopendeza, atakubali mwenyewe.

Jirani alikuwa anatafuta kitu cha kuzibia banda lake la mbuzi. Nikampa kiambaza. Nikamsaidia na kukibeba.

Hapo naomba mnielewe kuhusu kile kiambaza. Wengine humu ni vijana, mila hizi mmezisikia tu.

Kwa Wandali wa milima ya Ileje, na kwa makabila mengine ya huko, mke wa mtoto na baba mkwe wake walikuwa hawaonani uso kwa uso. Hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anajifunika, anageuka pembeni mpaka mzee apite. Siyo ugomvi, ni heshima, tena heshima kubwa. Kwetu Wanamwanga heshima ya namna hiyo ilikuwa zaidi kwa mama mkwe, lakini kila mtu alijua ya mwenzake.

Wengi walishabatizwa, wana majina ya kwenye Biblia. Lakini mkwe ni mkwe.

Sasa watu kama hao wakiwa na safari moja wanatembeaje? Mzee anatangulia mbali. Mwanamke anafuata nyuma kabisa, na katikati au pembeni yake anakuwepo shemeji yake wa kupeleka maneno. Ukiwaona barabarani utadhani hawajuani. Kumbe ni nyumba moja.

Ndiyo maana shangazi alikuwa anauliza nani anakuja nyuma.

Nami nilikuwa nayajua haya yote! Sikuwa mgeni hapo. Ila nilikuwa nimeamua kwamba ni mambo ya shambani, hotelini hayana nafasi.

Jumatatu ikafika, siku ya lori. Lori hilo lilivuka kwenda migodini mara moja kwa wiki.

Mlangoni sikukaa. Nilikuwa ndani nimevaa kanzu yangu.

Akaingia mzee mmoja kwa mlango wa mbele. Koti kuukuu, fimbo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamvutia kiti, nikamkalisha katikati, penye mwanga. Sikumuuliza neno. Nikamletea maji ya kunawa, ugali na maharage. Akaanza kula kwa heshima, anatazama sahani yake.

Baada ya muda kidogo, mlango wa pembeni ukafunguliwa.

Akaingia mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, kajifunika khanga mpaka puani. Kijana wa kiume alibaki nje anatua mzigo. Yule mwanamke aliingia bila wasiwasi wowote. Hakuchungulia. Barabara nzima toka Ileje alikuwa ameambiwa: kwa Nakazwe mlango wa pembeni una usalama, ingia ukapumzike.

Akakaa kwenye benchi la kwanza, akashusha khanga, akafungua mbeleko ili amnyonyeshe mtoto.

Mimi nikaja na kitambaa mkononi. Nilikuwa na kuku tayari jikoni, nikasema mgeni wa kike mwenye mtoto apate kuku. Nikamwekea sahani kutoka kushoto, kama nilivyofundishwa. Mzuri tu yule kuku, mchuzi wake mzito.

Akainua uso anishukuru. Alisema "ndaga", ndiyo asante ya kwao.

Na mimi nikasogea pembeni.

Mbele yake, hatua kama sita hivi, amekaa baba mkwe wake na tonge mkononi, anamtazama.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee aliachia tonge likadondoka, akageuka na kiti chake akaukabili ukuta. Mwanamke alijitupa chini, akajifunika kichwa chote, mtoto kapakatwa ovyo, akatoka kwa magoti mpaka mlangoni. Mtoto akaanza kulia.

Sasa jamani, hapo ndipo penye kosa langu hasa.

Kuondoa kiambaza ni ujinga wa ujana, ungeweza kusameheka. Lakini nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa kujua. Nilimfuata yule mama nje, na badala ya kuomba radhi, nikaanza kumfundisha.

Nikamwambia, "Mama, rudi ukae ule. Hapa ni hotelini, siyo kijijini. Dunia imebadilika."

Na nikacheka. Kicheko kidogo cha mtu aliyetoka Mbeya.

Shemeji yake alinijia karibu, nikadhani ananipiga. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao kile cha kuvuta, "Kaka, sisi tumetembea siku tatu. Siku tatu hawajaonana hata kivuli. Tumefika kwako, umewaonanisha."

Nikasema basi nitatundika kitambaa cha meza katikati.

Akaniambia, "Utatundika leo, ya saa hizi utaifuta na nini?"

Kwao kuonana namna ile halikuwa jambo la kusema samahani ukaendelea na safari. Ni mpaka warudi nyumbani, wazee wakae, mambo yatengenezwe. Kabla ya hapo mwanamke hawezi kwenda kwa mumewe, maana waliamini balaa lake linamwangukia mtoto. Nani atathubutu kucheza na uhai wa mtoto?

Shemeji akanieleza na jambo lingine, bila mimi kumuuliza. Kaka yake aliko mgodini alikuwa amepewa nyumba ya wenye wake. Barua ilisema mke afike kabla ya mwezi kuisha, la sivyo nyumba anapewa mwingine na yeye anarudishwa kwenye bweni la makapera. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Lori lilikuwa hilo hilo la Jumatatu, na mzee alikuwa anawasindikiza mpaka hapo tu.

Lori likapiga honi.

Watu wakapanda. Yule mama alikuwa amekaa mgombani, kaipa barabara mgongo, ananyonyesha. Hakuinua kichwa kutazama lori likiondoka. Mzee alishatoka kwa mlango wa mbele, keshaanza kurudi njia ya Ileje, mbali kule, peke yake na fimbo yake.

Nikachukua sahani ya kuku nimpelekee pale pale mgombani. Nilipofika ameshasimama. Akafunga mbeleko, akapita pembeni yangu kana kwamba mimi ni mgomba mwingine. Hakula chochote. Siku tatu za kuja, siku tatu za kurudi, naye ananyonyesha.

Yule kuku nilimla mimi jioni. Sikutaka apotee bure.

Hii sijawahi kumwambia mtu.

Shangazi alirudi Alhamisi. Nadhani habari alishakutana nayo njiani, maana habari mbaya ilikuwa haihitaji lori. Alisimama mlangoni, akautazama ule ukumbi wangu mpana. Hakuuliza kiambaza kiko wapi.

Aliuliza, "Waliondoka wameshiba?"

Nikasema, "Mzee alikula nusu."

"Na mwanamke?"

Nikaanza kukunja kitambaa cha meza.

Akaenda kwa jirani. Mbuzi walishakitafuna kiambaza chini, kimebaki juu juu. Akakiacha. Asubuhi yake akachukua panga, akashuka mtoni mwenyewe kukata matete. Nikamfuata nimsaidie, akanikataza.

"Wewe huna wageni? Nenda kahudumie."

Alikata, akaanika, akasuka. Zaidi ya wiki mbili. Vidole vilikuwa vinamtoka damu kwa makali ya matete, na umri ulikuwa umekwenda. Mimi namtazama kupitia dirisha, kanzu nyeupe imeninyookea.

Akakisimamisha kiambaza kipya. Kizuri kuliko cha kwanza. Akarudi kwenye kigoda chake na maharage yake na maswali yake matatu.

Lakini wanawake hawakuja.

Walipita. Tuliwaona. Wakikaribia hoteli wanahama upande wa pili wa barabara, wanaenda kukaa mbele huko kwenye nyasi, wanakula mahindi baridi ya kubeba kwenye mzigo. Hata mvua ikinyesha. Shangazi alikuwa anawaita, "Karibuni, kiambaza kipo!" Wanaitikia kwa adabu, wanasema tunawahi.

Nani angewalaumu? Heshima ya mtu anaibeba yeye mwenyewe. Sisi tulikuwa tunampa ugali tu.

Hoteli haikufa, msije mkadhani. Wanaume walikula, madereva walikula, na Wabemba wa ng'ambo tuliwakaribisha kwa "mwaiseni" yao wakala. Ila upande wa pembeni ulibaki na mabenchi matupu. Kila asubuhi shangazi anaufagia, anaweka maji ya kunawa, jioni anayamwaga.

Alifariki masika yaliyofuata. Alikuwa amejenga nyumba pekee kwenye barabara ile yote ambapo mwanamke msafiri aliweza kukaa chini na kula, na alikufa upande ule ukiwa mtupu. Hakunigombeza hata siku moja. Bora angenigombeza.

Akaniachia hoteli kama alivyosema.

Nikaivua ile kanzu. Nikakaa kwenye kigoda, nikajifunza kuchambua maharage.

Baada ya mwaka hivi, yule shemeji alipita anapeleka ngozi kuuza. Nikamuuliza habari za wale. Akanijibu kwa mkato. Mambo yalichukua muda kutengenezwa, nyumba ya mgodini ikapewa mtu mwingine. Barua zikaja moja, mbili, zikakoma. Kaka yake alikuwa amelowea. Inasemekana ana mke mwingine huko huko, wa huko huko.

Angelowea hata bila mimi? Labda. Wengi walilowea. Nimejipa jibu hilo mara nyingi usingizi ukigoma, na halijawahi kunitosha. Lori lilikuwepo, mtu alikuwepo, nyumba ilikuwepo. Kilichokosekana ni matete.

Sasa nimalizie, betri ya mjukuu inaisha.

Ilipita kama miaka minne. Uhuru bado. Asubuhi moja nimekaa pale nje, nikaona watu wanakuja toka upande wa Ileje. Mbele kabisa mwanamke na mtoto anayetembea. Nyuma sana, mzee ameshikwa mkono na kijana.

Safari hii mwanamke ndiye ametangulia. Alisimama mbali kidogo, kajifunika, akauliza:

"Kiambaza kipo?"

Nikamjua kwa sauti. Alikuwa amesema neno moja tu siku ile, na bado nikamjua.

Nikasimama. Nikasema, "Kipo, mama. Karibuni. Mmetoka wapi?"

Akajibu.

"Mko wangapi?"

Akajibu.

"Na nyuma yenu anakuja nani?"

Akasema, "Mzee wangu. Namsindikiza hospitali ya Wamisheni, ng'ambo. Macho."

Mzee akakaribia, nikamwona vizuri. Macho yote mawili yamefunga ukungu mweupe. Alikuwa hamwoni kijana aliyemshika, hanioni mimi, haoni barabara.

Wakuu, nikubali udhaifu wangu. Ule ujuaji wa Mbeya ulinirudi pale pale. Maneno yalinifika kwenye ulimi: mama, huyu haoni tena, si mkae pamoja tu? Nikayameza. Lakini nadhani uso wangu ulinisaliti, kwa sababu yule mama alisema taratibu:

"Yeye haoni. Mimi naona."

Nikamwonyesha mlango wa pembeni.

Ndiyo kwanza mwanamke msafiri anaingia upande ule tangu siku ile. Nikachinja kuku. Nikamwekea yeye sahani, nikamwekea mzee sahani, nikawa nazunguka kiambaza huku na huku kama mtu mwenye nyumba mbili.

Yule mama akachukua firigisi na paja kwenye sahani yake, akaviweka kwenye kifuniko, akanipa. "Mpelekee."

Kumbe ndivyo walivyoishi. Mume hakurudi, yeye hakuondoka. Alibaki kwenye boma la mkwe wake, analima, anapika, chakula kinapelekwa na mtoto, na wale watu wawili hawajawahi kukaa wakatazamana. Mara moja tu, kwangu.

Nikapeleka paja kwa mzee. Akalipapasa, akalijua kuwa ni paja, akajua limetoka wapi. Hakula. Alinisogezea sikio akaniuliza kwa sauti ndogo, asisikike upande wa pili:

"Yeye amekula?"

Lilikuwa swali la shangazi lile lile.

Nikaenda kuchungulia. Alikuwa anakula. Anakula kweli, kainama, na mtoto anakula. Nikarudi nikasema, "Anakula, mzee."

"Basi," akasema. Ndipo akaanza kula.

Nilitaka kumwomba radhi yule mama. Niliyapanga maneno jikoni, nikayabeba mpaka kwenye benchi lake. Nikafika, nikasimama mbele yake, na kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Nikuongeze mchuzi?"

Akasema, "Ongeza."

Akanawa, akafunga mzigo wake. Kwenye mlango akageuka kidogo, khanga imeshafika puani.

"Siku ile hukuuliza," akasema.

Kisha akaenda. Sikumwona tena. Radhi sijamwomba mpaka leo ninapoandika hapa, na kwa hesabu ya umri nadhani hayupo. Kama kuna mjukuu wake humu, wa kutoka milima ya Ileje, ambaye bibi yake aliwahi kumsimulia hoteli ya Nakazwe, naomba azipokee radhi hizi kwa niaba yake.

Nilichojifunza siyo kikubwa. Nilikuwa nadhani huduma ni namna ya kubeba sahani. Kumbe kwanza ni kujua aliye mbele yako anaogopa nini, ana nani, na amefikaje. Huwezi kujua usipouliza. Na ukikosea, omba radhi siku hiyo hiyo, kabla lori halijaondoka, maana baadaye utajikuta unaongeza mchuzi.

Wewe mwenye ukumbi, na wewe dada unayebeba trei hapo mjini, sikusemi. Nimekutangulia kukosea.

Sasa nanyi semeni. Yupo mgeni uliyemwona akitoka kwako hajala? Ulimuuliza? Andikeni tu hapa chini, mjukuu atanisomea jioni.